Mama Tulia na Shemeji Aliyenyimwa Picha

Msikilizaji wangu, hebu niambie ukweli. Umewahi kulipiza kisasi bila kumgusa mtu, bila hata kumtukana, kwa kumnyima picha tu?

Mama Tulia alifanya hivyo. Alianza akiwa msichana na akaendelea mpaka juzi tulipomzika. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka yeye, mpiga picha wa mtaani kwetu, mwenye studio ya mlango wa kijani. Jina la Mama Tulia alipewa na wateja wake. Ukishakaa kwenye kiti chake, neno la kwanza lilikuwa "tulia", la pili "tulia", na la tatu usingelisikia kwa sababu ulikuwa umeshatulia.

Alimaliza darasa la saba. Baada ya hapo dada yake mkubwa akamchukua akae kwake. Mume wa dada alikuwa na studio ya picha. Sote tulimwita Bwana Studio. Kwa Mama Tulia huyo ni shemeji, na msikilizaji, huyo shemeji mshike vizuri, kwa sababu hadithi yote ni ya hawa wawili.

Kazi ya kwanza ya binti ilikuwa kufagia. Ya pili ilikuwa penseli. Siku hizo picha ilitoka kwenye filamu, na filamu ikishasafishwa, uso mweusi unaonekana mweupe na mweupe unaonekana mweusi. Mtu alikaa dirishani na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, akafuta chunusi kwenye filamu ile, akafuta makunyanzi, akafuta na kovu la mtu aliyegombana na mkewe. Binti alikuwa na mkono mwepesi mno. Wanawake walitoka pale wakiwa wadogo kuliko walivyoingia.

Kamera alijifundisha mwenyewe. Shemeji alikuwa mtu wa sherehe na wakubwa, kila mara yuko nje, na wateja hawangoji. Akaanza kuwapiga picha yeye. Kisha, studio ikiwa haina mtu, akawa anatoka na kamera ile mtaani. Alimpiga mshonaji akiwa na pini mdomoni. Alimpiga muuza maji akiwa amelala juu ya mkokoteni wake. Alimpiga fundi wa viatu wa pale kona, nyundo imeinuliwa, misumari midogo imebanwa kwenye midomo, jicho moja limefumbwa. Dada yake anakumbuka siku hiyo. "Alirudi anatetemeka," anasema. "Nikamuuliza, una homa? Akaniambia, dada, nimempata. Nikadhani kapata mchumba!"

Picha zote za studio ile ziligongwa muhuri mmoja nyuma, muhuri wa Bwana Studio. Zile za mtaani nazo ziligongwa. Binti hakujali. Aliona ni mambo ya nyumbani.

Basi ikaja siku ya maonyesho katika ukumbi wa mji. "Watu wa Mtaa Wetu", ndivyo kibao kilivyoandikwa mlangoni, na chini yake jina la Bwana Studio kwa herufi kubwa. Asubuhi hiyo Bwana Studio alimwambia binti, "Wewe leo baki na watoto. Kule ni mambo ya watu wazima."

Binti akawavika watoto wa dada yake viatu, akaenda nao.

Akaingia ukumbini. Akaziona. Zote zake. Mshonaji wake, muuza maji wake, kila mmoja amekuzwa kama mlango wa kabati. Shemeji hakumwomba hata azisafishe. Alichukua filamu kwenye boksi la binti, akazisafisha mwenyewe, haraka haraka, mlango umefungwa. Binti akapita moja baada ya nyingine. Mpaka akafika kwa fundi wa viatu.

Akasimama. Akainamisha kichwa. Akatazama tena.

Nyundo ilikuwa mkono wa kulia.

Wasikilizaji wapendwa, hapa niacheni niwaeleze polepole. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiiweka kwenye mashine ya kukuzia picha upande wa nyuma ukiwa mbele, kila kitu kinageuka. Kulia kunakuwa kushoto. Mtu aliyepiga picha ataliona hilo mara moja, maana alikuwepo. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kujua. Na fundi yule ni wa mkono wa kushoto. Mtaa mzima ulijua. Bwana Studio peke yake hakujua, kwa sababu viatu vyake vilipelekwa na mkewe.

Angeweza kulia binti wa watu. Hakulia. Mwenyewe alikuja kumwambia binti yake miaka mingi baadaye, "Moyo uliniruka kwa furaha, mwanangu. Furaha mbaya, lakini furaha." Akamkabidhi dada yake watoto, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka kona.

"Mjomba, twende ukaone picha yako."

"Nina viatu vya watu hapa, mama."

"Viatu havina miguu, havitaenda popote."

Fundi akavua aproni, akajipangusa mikono, wakaongozana. Walipoingia, Bwana Studio alikuwa amesimama mbele ya picha ile ile na mgeni rasmi, anamweleza. Anasema alikaa na fundi yule asubuhi nzima. Anasema alikuwa anausoma ule mkono, mkono wa kazi, mpaka akaujua kama wake.

Fundi akasogea. Akatazama picha. Akamtazama Bwana Studio.

"Bwana," akasema, "ulikaa na nani?"

"Na wewe, mzee wangu! Hujioni?"

"Uso nauona, wangu. Mkono ni wa mtu mwingine. Mama yangu alinichapa huu wa kushoto mpaka akachoka yeye. Mimi nikishika nyundo kwa kulia nitabaki sina vidole."

Watu wakacheka. Bwana Studio naye akacheka, kicheko cha meno matupu. "Ni mashine hiyo. Mashine imegeuza."

"Basi mashine ilikuwepo," fundi akasema. "Wewe hukuwepo. Aliyekuwepo ni huyu hapa, alinikanyagia hata gundi yangu." Akamwonyesha binti kwa mkono wake wa kushoto.

Mgeni rasmi akakohoa. Akaulizia soda. Hotuba zikasomwa kama zilivyopangwa, na Bwana Studio akapewa ngao yake, akapigwa picha nayo.

Mlangoni binti akamsubiri. Alimwambia neno moja tu, na neno hilo ndilo alilolidai maisha yake yote. "Shemeji, sema mbele ya watu kwamba picha ni zangu. Ukisema, yamekwisha."

Akamjibu hivi. Dada mtu alisikia kwa masikio yake. "Kamera yangu, filamu yangu, dawa yangu. Chako wewe ni kidole kilichobonyeza."

Kabla wiki haijaisha binti alikuwa amehama. Na mlango alioupata, wasikilizaji, alipoutafuta mji mzima, ulikuwa wapi? Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na studio ya shemeji. Akaupaka rangi ya kijani. Juu yake akaandika: STUDIO YA KIDOLE.

Watu walicheka bila kujua wanachocheka. Mmoja tu alijua.

Kisasi cha Mama Tulia kilikuwa hiki. Alimpiga picha kila mtu wa mtaa ule, na shemeji hakumpiga. Dirisha lake la vioo lilijaa nyuso za kinyozi, mwalimu, mama wa mboga, mlinzi wa benki na mke wa mlinzi. Bwana Studio akifungua mlango wake asubuhi, mtaa wote unamtazama kutoka dirishani, na yeye hayumo.

Lakini tusidanganyane. Hasira inaamsha mtu mapema, ila haimfundishi kazi. Mwanzoni picha zake zilikuwa kali, nyuso kama za watu wanaodaiwa. Mwalimu mmoja mkuu aliitazama yake akasema, "Mama, hivi mimi nimekukosea nini?" Neno hilo lilimchoma. Alifunga studio siku kadhaa, akazipanga picha zake zote sakafuni, akazitazama akiwa amesimama juu ya kiti. Akaona kwamba nyuso zote ni uso mmoja. Alikuwa anampiga shemeji yake kila siku bila kujua.

Tangu hapo akabadili kazi. Aliacha taa kubwa, akahamisha kiti karibu na dirisha. Akawa anazungumza na mteja mpaka mteja asahau kilichomleta. Aliwaacha waje na kazi zao, mwenye cherehani na cherehani, mwenye kuku na kuku. Kuku mmoja alimharibia pazia, na picha ile ilitoka gazetini. Na penseli akaitupa. "Nimefuta makunyanzi ya watu miaka na miaka," alimwambia dada yake. "Sasa nayarudisha."

"Na wewe ulikuwa upande gani?" tulimuuliza dada mtu.

Alicheka, yule bibi, huku anajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi? Asubuhi mke wa mtu, jioni dada wa mtu. Huyu ananiambia, mwambie mdogo wako anipige picha moja, mimi ni mtu mzima, sina picha ya maana. Yule ananiambia, mwambie mumeo alete lile neno. Nikawa posta, baba! Posta bila stempu."

Naam, msikilizaji. Shemeji alianza kuitaka picha. Mwenyewe alikuwa na studio, angeweza kupigwa na mtu wake wakati wowote. Hakutaka hiyo. Alitaka ya ng'ambo.

Ikaja harusi ya binti mkubwa wa Bwana Studio. Bibi harusi akasema hapigwi na mwingine ila mama yake mdogo, na baba mtu akakubali. Mama Tulia akaja na kamera na ubao mweupe wa kurudishia mwanga usoni.

Familia ikajipanga, Bwana Studio katikati, suti mpya, mikono mapajani.

"Shemeji," Mama Tulia akaita kwa adabu zote, "hapa hakuna mwingine anayejua mwanga kama wewe. Nishikie huu ubao."

Angekataaje mbele ya wakwe? Akatoka, akashika.

"Sogea kidogo. Kidogo tena, shemeji. Inua. Hapo hapo, asante sana."

Picha ikapigwa. Akarudi kukaa. "Na hii ya wakwe, shemeji, ubao tena." Na ya keki ubao. Na ya wazee ubao. Binti wa Mama Tulia alikuwepo, anasema baba yake mkubwa alitoka jasho mpaka kola ikalegea. Albamu ilipokuja ilikuwa nzuri ajabu, kila uso unang'aa. Baba wa bibi harusi hayupo hata kwenye ukurasa mmoja. Dada mtu alifungua kurasa zote, akafunga, akamwambia mdogo wake, "Wewe ni mbaya."

"Najua," akajibu. "Lakini mwanga umekaa vizuri."

Baadaye ukumbi ule ule wa mji ulimwalika yeye. Filamu za zamani hakuwa nazo, shemeji alizikalia. Basi akamfuata fundi wa viatu, sasa mzee, nywele zote nyeupe, akampiga upya, nyundo mkono wa kushoto. Akaitundika palepale ilipokuwa ile ya kwanza. Bintiye akamuuliza ipi ni nzuri. "Ya kwanza nilikuwa nampenda tu huyu mzee," akasema. "Ya pili nilikuwa nampenda, na nilikuwa na mtu wa kumwonyesha." Shemeji alikuja siku hiyo. Alisimama mbele ya picha ile muda mrefu, kofia mkononi. Akatoka bila kusaini kitabu cha wageni.

Halafu maradhi yakaja. Mama Tulia akalala chumba cha nyuma cha studio, maana nyumbani alisema mwanga ni mbovu. Dada yake akamwinamia akamuuliza, "Shemeji yako aje akuone?"

"Aje na lile neno. Akija bila neno, ageukie mlangoni."

Alikuja. Bintiye alimwona kwa macho yake. Alifika kwenye mlango wa kijani, akashika kitasa, akakaa hivyo. Kisha akakiachia, akavuka barabara, akarudi kwake.

Mazikoni kuna msemaji alisema marehemu aliondoka akiwa amesamehe wote. Dada mtu alimvuta shati. "Usimsingizie mdogo wangu," akamwambia. "Hakusamehe. Semeni alikuwa mpiga picha."

Basi tunasema hivyo. Alikuwa mpiga picha.

Kwa bintiye, kwa dada yake, kwa wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti cha dirishani, tunawapa pole sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo jioni mkikaa, tazameni picha zilizo ukutani kwenu. Ulizeni nani alizipiga. Na kama kuna kazi ya mtu umeigonga muhuri wako, mtu huyo akiwa bado anasikia, vuka barabara.

Tulipomaliza mazungumzo pale msibani, tulikuwa tumeshafunga vyombo vyetu vya kurekodia. Bwana Studio alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani muda wote, fimbo katikati ya magoti. Tukampa mkono wa kwaheri. Hakuuachia.

"Washa hicho kitu," akasema. Tukawasha. Mkewe akaja akasimama, na waombolezaji mmoja mmoja wakasogea. Alihema kwanza. Sauti mtakayoisikia ni yake.

"Zile picha za ukumbini. Yule fundi, na wale wengine wote." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Nilitaka niwe mimi niliyezipiga."