Kompyuta Iliyomsikiliza Spika

Sisi huku Mukurweini tunapanda kahawa na kunywa chai, kwa hivyo kijiwe chetu ni cha chai. Ni benchi moja la mbao za mkaratusi lililoegemea kibanda changu, ng'ambo ya steji ya bodaboda, na mwenye chai ni mimi, Mama Tabby. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Kuna Kingori, tunayemwita Wakili kwa sababu siku moja alitoa ushahidi kortini na hajapona tangu hapo. Kuna Ngatia, anayefunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu, basi jina lake ni Dishi. Kuna Simiyu, mtu wa Bungoma aliyekuwa askari jela Nyeri, akastaafu na kuoa huku. Huyo ni Afande. Na pale mwisho, upande wa ukuta, anakaa Mathenge, ambaye ni Spika. Spika alikuwa MC wa harusi na mazishi ya kata hii yote. Bibi harusi akishuka garini, yeye ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina, bila maiki, na watu wa ng'ambo ya mto wakajua nani ameolewa. Hata mimi aliniita. Sasa ana kitambaa shingoni, na chini ya kitambaa kuna tundu la kupumulia, kwa sababu alipata saratani ya koo na madaktari wa Nairobi wakatoa kila kitu kinachotoa sauti. Akitaka kusema ndiyo anagonga benchi mara moja. Akitaka kusema hapana anagonga mara mbili.

Alhamisi hiyo kulikuwa na ukungu, ule wa Julai unaokaa mpaka saa sita, na hakuna aliyekuwa na raha. Harusi ya Muchiri, mtoto wa Spika, ilikuwa Jumamosi. Maxwel, fundi wa kompyuta, alikuwa ametoka nyumbani kwa Spika asubuhi, akapitia kwangu kunywa chai akiwa amesimama, akaniachia habari mbaya na kwenda zake.

Wakili: — Hebu rudia pole pole, Mama Tabby. Maxwel amesema nini?

Mimi: — Amesema sauti hakuna. Ametafuta kila mahali kwa hiyo kompyuta, hakuna.

Dishi: — Ati hakuna? Na huyu mzee si aliongea na hiyo kitu kabla ya operesheni, kila siku?

Mimi: — Aliongea. Ilikuwa inaandika. Hiyo kitu kazi yake ni kusikia na kuandika. Ikishaandika, haina haja na sauti, inatupa.

Afande: — Inatupa wapi?

Mimi: — Afande, mimi nauza chai.

Tukamwangalia Spika. Aligonga benchi mara moja. Ndiyo, ndivyo Maxwel alivyosema.

Niseme vile ilikuwa, maana nilikuwa karibu. Muchiri anafanya kazi mjini Kenol. Aliposikia baba yake atapasuliwa koo, alileta kompyuta na maiki ndogo ya kusimama mezani, akamfundisha baba yake: bonyeza hapa, ongea, maneno yatajiandika. Alitaka historia ya familia na mipaka ya shamba kabla mzee hajanyamaza, na mzee anaandika kwa kidole kimoja. Muchiri alitaka maneno. Lakini Spika ameshika maiki maisha yake yote, na kwake yeye, maiki ikiwaka taa nyekundu, nyuma yake kuna kanda inayozunguka. Yale maneno kwenye kioo aliyaona kama mapambo tu, kama yale yanayopita chini ya taarifa ya habari. Na hakuyaangalia sana, kwa sababu Spika husema akiwa amefumba macho.

Nilimwona mwenyewe. Nilikuwa nimepeleka maziwa. Alikuwa sebuleni, amevaa koti la kazi na tai, kofia ameivua akaiweka juu ya kompyuta, macho amefumba. Alikuwa akimwita Selpha, mchumba wa Muchiri, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga huku. Alimwita kwa jina, akamwita kwa watu wa mama yake, akamwambia apite, hapa ni kwake. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza lakini bado ilikuwa yake. Nilisimama mlangoni na mtungi wangu nikilia kama mjinga.

Hiyo ndiyo sauti aliyotaka ifunguliwe kwenye spika za harusi Jumamosi, Selpha akishuka garini.

Wakili: — Hii ni kesi. Sauti ya mtu ni mali yake, sawasawa na shamba. Kampuni imechukua, kampuni irudishe. Tunaenda kwa chifu, chifu anawapigia simu, tunaona.

Dishi: — Chifu ana namba ya watu wa Amerika?

Wakili: — Chifu ana namba za watu wengi hujui.

Dishi: — Wakili, wacha hiyo maneno. Sauti haijachukuliwa na mtu. Sauti imepanda. Hiyo kompyuta ilikuwa inatumia bando, ama si bando? Basi ilikuwa inarusha juu. Mimi nafanya na hiyo vitu ya juu kila siku. Kitu ikienda juu haipotei, inazunguka tu. Saa hii sauti ya Spika iko huko juu ya Mlima, inapita ikirudi. Mtu akiwa na dishi kubwa, ageuze vizuri, siku haina mawingu...

Mimi: — Dishi, wewe ulifunga ya kwangu na mpaka leo naona mchele tu kwenye televisheni.

Dishi: — Yako ni mambo ya miti, Mama Tabby. Nilikwambia ukate miti.

Afande: — Nyinyi hamjui. Hiyo sauti wameiweka. Hawa watu hawatupi kitu. Wanakusanya sauti za watu wanafundisha mashini kuongea. Utaona. Kuna mtu huko Ulaya saa hii anaendesha gari, na ile ramani ya gari inamwambia pinda kushoto, na anayesema pinda kushoto ni Spika.

Wakili: — Haiya! Na Kizungu ya Spika vile iko?

Afande: — Sasa si ndio mtu wa watu anapotea.

Tulicheka. Hata Spika mabega yalitikisika, na kitambaa kikapeperuka kidogo shingoni. Kicheko chake siku hizi ni pumzi tu, na ukishakiona unaacha kucheka mwenyewe.

Wakili: — Basi tununue hiyo gari. Tunaweka Spika mbele. Tunazunguka Karatina, tunazunguka Nyeri, tunafika Mweiga, mpaka siku gari itaita Selpha.

Spika aligonga mara mbili.

Wakili: — Pole, mzee. Nilikuwa nachekesha.

Afande: — Si kuna video? Spika ameongea kwa harusi ngapi? Watu wote wana simu.

Wakili: — Nimeangalia. Ile ya harusi ya msichana wangu, Wacera. Spika anaonekana vizuri, mkono juu, mdomo wazi, anamwita. Lakini yule kijana wa video aliweka wimbo juu yake. Ni kwaya tu mwanzo mpaka mwisho. Ukiweka sikio unasikia kama mtu anaita akiwa nyuma ya nyumba.

Dishi: — Zote wanafanya hivyo. Wanasema kelele za watu zinaharibu video.

Mimi: — Na simu yake ni ile ndogo ya tochi. Hajawahi kutuma sauti kwa mtu.

Afande: — Sasa, huyo msichana wetu wa Bungoma, hata kwa simu hawakuongea?

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Muchiri alimpigia baba yake mara nyingi, akasema, baba, Selpha yuko hapa, msalimie. Spika alikataa. Alisema mtoto wa watu hasalimiwi na simu kama deni la duka, ataitwa siku ya kuitwa, na hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya kwanza kuisikia ile sauti. Nilimwambia ni kiburi. Alisema ni heshima. Halafu akaenda Nairobi, na familia ya Selpha ilipotembelewa Bungoma walienda wajomba, yeye akiwa amelala hospitalini na mirija.

Mimi: — Hawakuongea, Afande.

Afande: — Na hayo maneno yaliyoandikwa? Si mtu anaweza kuyasoma Jumamosi?

Mimi: — Yako, lakini nusu. Muchiri aliiambia isikilize Kiswahili. Spika akiingia Kikuyu, kwa ile baraka, imeandika takataka.

Wakili: — Ile Kiswahili naweza kusoma mimi. Mimi nimezoea kuongea mbele ya watu.

Spika aligonga mara mbili, kwa nguvu, mpaka vikombe vikaruka.

Basi Wakili akaweka kikombe chini. Ni mtu wa maneno mengi, lakini si mbaya. Alisogea mpaka karibu na Spika, akamshika goti.

Wakili: — Sikia, Mathenge. Wacha hii kompyuta. Hii kompyuta haikujui, ni kitu ya kununua. Hapa nani hajui sauti yako? Umeita wake zetu. Umezika wazazi wetu. Hata ikose kwa kompyuta, iko kwa watu. Sisi tuko nayo. Si ni ukweli, wazee?

Dishi: — Kabisa.

Afande: — Mimi nikilala naisikia.

Mimi: — Iko, mzee. Iko hapa.

Nikajigusa kifua. Nilisema nikiamini. Spika alituangalia mmoja mmoja, akainama, na macho yake yakajaa maji. Akagonga mara moja, taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali nilimwona akiegemea ukuta kama zamani, miguu ameinyoosha, kikombe kimekaa juu ya tumbo.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Pikipiki ilisimama, akashuka msichana mrefu mwenye koti la kijani na mfuko wa ndizi. Alilipa, akavuka barabara, akaja moja kwa moja kwenye benchi. Hakuuliza nani ni nani. Aliona kitambaa shingoni, akachuchumaa mbele ya Spika na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

— Baba, ni mimi Selpha. Muchiri amesema nisingoje Jumamosi. Amesema nije nikuone tukiwa bila watu wengi.

Spika alishika ule mkono na hakuuachilia. Midomo yake ilitengeneza jina, nikaiona, na hakuna kilichotoka ila upepo chini ya kitambaa. Selpha aliangalia midomo yake mpaka ikanyamaza.

Afande: — Karibu mwanangu. Mimi ni wa Bungoma pia. Simiyu.

Selpha: — Asante, Mzee Simiyu. Habari zenu, wazee. Mama, habari.

Nikampa nafasi akae kando ya Spika, nikamwambia nitamwekea chai sasa hivi. Nikachukua thermos. Akatuangalia, anatabasamu, mtoto mzuri, hana ubaya wowote.

Selpha: — Muchiri anasema huku kila mtu anajua sauti ya Baba. Mimi tu ndio sijawahi kuisikia. Ilikuwa aje?

Wakili: — Oo! Ilikuwa kubwa.

Selpha: — Kubwa aje?

Wakili: — Kubwa... kubwa kabisa. Mpaka ng'ambo.

Dishi: — Nzito. Kama ya chini chini.

Afande: — Hapana, Dishi. Haikuwa nzito. Ilikuwa inapanda. Ilikuwa ya juu.

Dishi: — Ya juu? Spika? Wewe Afande unasema mtu mwingine.

Selpha: — Si mnionyeshe tu. Niiteni vile Baba alikuwa anaita bibi harusi.

Wakili alisimama, akavuta suruali, akainua mkono kama kwenye ile video, akaita Selpha. Watu wa bodaboda wakageuka. Spika aligonga mara mbili.

Dishi alikohoa, akajaribu kwa sauti ya chini. Mara mbili.

Afande alitikisa kichwa. — Mimi hapana, alisema. Mimi hapana.

Basi wote wakaniangalia mimi, na Spika akaniangalia kuliko wote, kwa sababu alijua nilikuwa mlangoni siku ile. Nikaitafuta ile sauti. Niliona koti, niliona tai, kofia juu ya kompyuta, nikausikia hata ubaridi wa mtungi mkononi. Maneno yote yalikuwepo, jina, watu wa mama yake, pita hapa ni kwako. Nikarudi nyuma mpaka siku yangu mwenyewe, nikashuka garini, nikaona mdomo wake ukifunguka. Nikafungua wangu nikaita Selpha, na iliyotoka ilikuwa sauti yangu, ya kuuza chai.

Spika aligonga mara mbili. Aligonga polepole sana, kama mtu anayeomba msamaha. Halafu akauachilia mkono wa Selpha.

Selpha alikuwa bado anangoja, anatuangalia huyu na huyu, akidhani labda tunamtania. Wakili alinyoosha kikombe chake bila kuniangalia.

Wakili: — Mama Tabby, ongeza chai.

Nikasema imeisha, kila mtu aende nyumbani. Thermos ilikuwa mkononi mwangu, imejaa, na Spika aliiona. Hakugonga.