Asmini Ndani ya Jakuzi

"Jakuzi, lile bwawa dogo la maji moto la wageni, lilikuwa likiwashwa tangu asubuhi, mpaka alasiri maji ni vuguvugu tu. Nikamwambia tajiri kwamba fundi ametufungia hita mbovu." Aliyesema hayo ni mzee mmoja kwenye kiti kilicho mbele yangu ndani ya matatu, mtunza nyumba ya wageni huko Diani. Alikuwa akimwambia mama aliyeketi karibu naye. Mama huyo alikuwa amemuuliza saa tu.

"Kumbe hita ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, na yule fundi, Abdulaziz, keshafukuzwa kazi. Juzi nimefungua chujio, nikakuta limejaa maua ya asmini. Maji hayapiti, hita inajizima yenyewe. Na asmini hizo nilikuwa nikizimwaga majini mimi mwenyewe, kila walipokuja maharusi, wapate kunukia." Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani.

"Tajiri umemwambia?"

"Kwanza naenda kwa Abdulaziz, hapo Gazi, nimuombe radhi."

"Radhi ya Gazi haitamrudisha kazini Diani, baba. Ulimsingizia mbele ya tajiri, basi na ukweli useme mbele ya tajiri."

"Mwanangu, tajiri akijua, nitakwenda wapi na umri huu?"

"Na Abdulaziz alikwenda wapi?"



Makanga akagonga bati. "Gazi! Wa Gazi washuke!" Gari likasimama, na mama akasogeza magoti ili mzee apite.

Mzee hakuinuka; akamtazama makanga. "Mimi si wa Gazi, nishushe hapo mbele," akasema.