Aliyemkumbatia Dereva Msibani

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wageni wetu mliotoka Kongwa na Mtumba, na wewe Mama Gladness, mwinjilisti wetu unayestaafu leo: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote Bwana asifiwe.

Nimepewa nafasi hii kwa niaba ya akina mama, nikaambiwa niseme mazuri tu kwa kuwa ni sherehe. Lakini nitamsifuje mtu bila kusema alichokifanya?

Mnanijua. Mimi ni Hana, mama wa marehemu Elisante. Mwanangu aligongwa na lori la mahindi likirudi nyuma pale sokoni Kibaigwa, na aliyeshika usukani alikuwa Ernest. Polisi walipomwachia kwa dhamana, alikuja mazikoni peke yake, kofia mkononi. Nani kati yenu amesahau siku ile? Kisha shemeji yangu Fabian akainama, akaokota jiwe, na vijana wakaokota ya kwao.

Mama Gladness alikuwa amenishika mimi. Akaniachia. Akapita katikati ya vijana, akamkumbatia Ernest kifua kwa kifua, mgongo wake akauelekeza kwenye mawe.

Fabian akafoka, “Mama, toka hapo!”

“Sitoki, mwanangu. Leo tunazika mmoja tu.”

Mawe yakaanza kudondoka chini kutoka mikononi mwao, moja baada ya jingine. Nami, ndugu zangu, nikamchukia mama huyu. Mikono iliyomwosha mwanangu asubuhi, mchana inamkumbatia aliyemgonga? Jioni aliponijia nilimsukuma, akajigonga mlangoni. Hakuondoka. Alikaa chini, hakunisomea hata mstari mmoja wa Biblia, na nguvu za kulia ziliponiishia akanivuta, nikalala mapajani pake kama mtoto mchanga.

Wazee wa kanisa, mniwie radhi. Ninyi mlimwita kikaoni. Mwinjilisti kumkumbatia mwanamume hadharani, tena msibani! Mzee Methusela, ulimwuliza kama maneno ya Mungu yalikuwa yamemwishia. Jibu lake lilinifikia nyumbani: “Baba, maneno yalikuwepo. Ila jiwe lilikuwa limeshanyanyuliwa.” Je, Bwana wetu hakumgusa mwenye ukoma kabla hajamponya? Au alimwambia asimame mbali kwanza, watu wasije wakasema?

Mama, leo unatuacha. Nakushukuru mbele ya watu hawa kwa kunishika, na kwa kuniachia siku ile, ingawa shukrani hii ya pili imechelewa kutoka kinywani mwangu.

Ernest yupo hapa. Amekaa nyuma kabisa, kama akaavyo kila Jumapili, na kila tunapopeana mikono ya amani mimi humruka. Tafadhali, msimgeukie. Sijui kama nimemsamehe. Moyo wangu bado unabishana nami hata ninaposema haya. Lakini Mama aliwahi kuniambia kuwa siku ile magoti yalimtetemeka tangu kaburini hadi alipomfikia, naye hakungoja yatulie.

Ndugu yangu Ernest, usisimame. Ninakuja mimi.

Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba mnipishe njia hapo katikati.