Jibu la Mama Pacha

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kona nje ya kibanda cha mshona viatu, kahawa ilinyweka kuliko kawaida. Habari ilikuwa moja: serikali inachunguza kama itaweza kumpa kila mtu hela kidogo kila mwezi, awe na kazi asiwe nayo. Mtaa mzima, nyumba moja tu ndiyo ingehojiwa kwa niaba ya wote. Mama Pacha, muuza kahawa, alimimina bila kuinua macho. Nyumba hiyo ilikuwa yake. Alihojiwa jana jioni, na hakumwambia mtu.

— Swali lao nalijua, alisema mshona viatu, waliyemwita Profesa. Ukipewa, utafanya nini? Hapo ndipo penye mtego.

— Mtego gani? aliuliza Kesho, fundi wa mageti, aliyeitwa hivyo kwa kuwa geti lako huwa tayari kesho.

— Ukisema utapumzika, wanaandika mvivu. Mvivu mmoja tu, mtaa mzima tumekwisha.

Kahawa ikamwagika. Mama Pacha akaipangusa haraka kwa pindo la nguo.

— Nasikia kalamu zao zinapima mapigo ya moyo, alisema Kesho.

— Kalamu si kitu! Wanasikiliza kupitia mabati. Unadhani kwa nini paa langu linalia usiku?

— Lako linalia kutu, Profesa.

— Cheka tu. Huyo aliyehojiwa akiwa ameropoka, salamu yangu haipati tena. Mama Pacha, wewe ungejibuje?

— Mimi? Labda... ningeongeza birika la pili.

— Umeona? Huyu ndiye wangepaswa kumhoji!

Mara akatokea msichana mwenye faili, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamoo, mama. Samahani, jana niliruka swali. Ulisema ukipata hela hiyo, ungelala mpaka jua lichomoze.

Vichwa vyote vikamgeukia mwenye birika.

— Mama Pacha! alisema Profesa.

— Naamka saa tisa usiku kukaanga kahawa, alijitetea. Lilinitoka tu.

— Basi swali nililoruka ni hili, alisema msichana akifungua faili. Mara ya mwisho kulala mpaka jua lichomoze ilikuwa lini?

Mama Pacha akafikiri. Kabla ya mapacha? Mapacha wana miaka kumi na mmoja. Akamtazama Profesa, Profesa akamtazama Kesho. Kesho alikuwa ameanza kuhesabu miaka yake mwenyewe kwa vidole, akaacha katikati.

— Niandike nini? aliuliza msichana.

— Subiri, binti, alisema Profesa taratibu. Bado tunakumbuka.