Fenesi na Shela Jeupe

Kinyozi alipoona bakuli la fenesi mapajani mwa mwanamke aliyeketi kando yake ndani ya basi, alicheka. "Dada, si umesema wewe mshonaji, na unapeleka shela la harusi? Utomvu huo utaharibu shela la watu."

"Mwaka jana nikikata fenesi nilinata kwenye kisu. Mume wangu akaja kuninasua, naye akanata, mpaka jirani akaja kutubandua. Leo kabla ya kulikata nimepaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, mpini nikauzungushia kitambaa usiniteleze. Mwisho nikanawa kwa sabuni."

"Basi sabuni ndiyo iliyoshinda," aling'ang'ania kinyozi, ambaye nyumbani kwake fenesi hukatwa na mkewe.

"Sabuni ilikuta mafuta yamemaliza kazi, kaka."

Mshonaji akachomoa mkobani shela jeupe alilokuwa akimpelekea bibi harusi, akalipitisha vidoleni polepole. Halikunata, halikuingia doa. Basi likasimama. Mshonaji akashuka ameliinua shela kama bendera.