Kahawa ya Bi Eufrasia Haisifiwi

Benchi letu ni la saruji, limeegemea ukuta wa duka la barafu, kona ya barabara inayoshuka mtoni hapa Santa Brígida. Upande wa kulia lina ufa, na mgeni akikalia pale humfinya paja. Sisi wenyeji tunajua pa kukaa. Mwanasheria hukaa katikati. Hajasomea sheria hata siku moja, alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini, lakini mbishie uone. Jongoo hukaa kushoto. Alikuwa golikipa wa timu ya mji, na mabao aliyofungwa mpaka leo anayatolea maelezo. Mimi naitwa Wembe, kwa sababu nilikuwa kinyozi mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Kahawa yetu huletwa na Bi Eufrasia, miaka sabini na moja, kofia ya ukindu kichwani, chupa moja ya kahawa mkononi na vikombe vidogo vya plastiki. Mwaka wa ishirini na nane huu anatumiminia. Yeye mwenyewe hanywi. Anasema mtaji haunywewi.

Jumamosi ile ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wetu. Saa tatu asubuhi jua limeshaanza ubabe wake. Bi Eufrasia akafika, akatumiminia kidogo kidogo, kisha akachomoa barua kwenye aproni akampa Mwanasheria.

— Hebu nisomee. Mimi nimeisoma mara nne, inasema jambo lilelile.

Mwanasheria akavaa miwani, akakohoa kwanza.

— "Halmashauri ya mji itamtunuku Bibi Eufrasia Charris nishani ya Mkono Mwema, leo saa nne kamili, jukwaani, bustani ya kanisa. Ni kwa kuwanywesha kahawa wafiwa wa mji huu siku zote tisa za kila matanga, bila malipo, pamoja na wote waliojenga tuta wakati wa mafuriko."

— Wamekosea mtu, — akasema Bi Eufrasia.

— Wakosee vipi? — Jongoo akauliza. — Eufrasia Charris si ndiye wewe?

— Alikuwepo yule mwalimu Eufrasia.

— Alishakufa, mama.

— Basi wampelekee kaburini. Nishani ni za watu kama wale. Mimi kazi yangu kuchemsha maji. Sasa niambieni nyinyi, maana nyinyi ndio mnaonijua: niende au nisiende?

Hapo ndipo tulipoanza kuharibu.

Kwetu, ukisifia kitu cha mtu, mwenyewe hujibu, "Kichukue, ni chako." Nawe unajibu, "Hapana, kiko mahali pake." Ni adabu tu, hakuna anayebeba kitu. Lakini Bi Eufrasia akikwambia chukua, anakisukuma mpaka kifuani kwako, na wageni wasiojua mila wanabeba. Injinia wa daraja alisifia kiti chake cha bembea, akaondoka nacho. Padri mmoja wa kupita alisifia kasuku. Na wiki ya kwanza kabisa ya Bi Eufrasia hapa kijiweni, muuza vitambaa mmoja aliisifia chupa kubwa, ile ya lita tatu. Ndiyo maana akabaki na hii moja.

— Tatizo lako ni la kisheria, — akasema Mwanasheria. — Meya atakusifia kwenye kipaza sauti. Wewe utajibu nini?

— Ndilo linalonisumbua hilo! Mtu akisifia kikombe, nampa kikombe. Akinisifia mimi, nitampa nini?

— Umeona? Utasema, "Nichukueni, ni wenu." Mbele ya mashahidi elfu mbili! Umekwisha. Umeshakuwa mali ya halmashauri.

— Kama lile jenereta la ofisini kwao, — akasema Jongoo.

— Kama lile jenereta. Watakuandika namba mgongoni.

— Jenereta lenyewe haliwaki, — nikasema.

— Wembe, hii ni sheria. Usiingilie.

— Watamweka ofisini awachemshie kahawa mpaka afe, — Jongoo akaendelea. — Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Ndiyo maana mimi fainali ile sikucheza.

— Ulicheza. Ulifungwa saba, — nikamkumbusha.

— Sita! Lile la saba lilikuwa la upepo.

— Ofisini ni afadhali, — akasema Mwanasheria, na sasa alikuwa ameshasimama. — Sifa ya mji mzima maana yake kila mtaa una haki yake. Itabidi agawanywe. Mtaa wa Juu watadai mikono, wale hawakubali kitu kidogo.

— Na sisi wa mtoni? — Jongoo akauliza.

— Sisi tutaachiwa miguu.

Bi Eufrasia akaitazama miguu yake ndani ya viatu vya kitambaa.

— Miguu yenyewe imevimba, — akasema, akiwaonea huruma watakaoipata.

— Halafu nishani zenyewe za mauti, — Jongoo akakumbuka. — Mwalimu wa bendi walimpa mwaka juzi. Hakumaliza miezi tisa.

— Alikuwa na miaka tisini na sita, Jongoo! — nikasema.

— Ndicho ninachosema. Alikuwa bado ana nguvu zake.

Nilikuwa nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani. Mwanamke wa watu amekuja na jambo zito, sisi tunamgawa mikono na miguu.

— Mimi sitanii jamani, — akasema. — Mtu apewe anachostahili. Mimi napita tu na chupa yangu, kona hadi kona.

Jongoo akamgusa bega, kwa nia njema kabisa, nashuhudia.

— Usijali, mama. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!

Hata mwenye duka la barafu aliacha kupasua barafu.

— Ndivyo, — akasema Bi Eufrasia. — Na mimi ndiye ninayetembeza.

— Lo! Sikuwa na maana hiyo...

— Nimekuelewa, ndugu yangu.

Wakati huohuo akatokea kijana wa bendi ya milimani, ile iliyoalikwa kwa sikukuu. Kavaa koti zito la kwao, jasho linamtiririka, na lile tarumbeta kubwa la kuzunguka mwilini limemkaba kiuno. Akakaa penye ufa. Akaruka.

— Shikamooni wazee wangu. Nina dakika kumi kabla hatujaanza kupiga. Eti, kahawa ya huyu mama ni nzuri?

Swali lenyewe mtoto wa chekechea angelijibu. Mwanasheria akavua miwani akaanza kuifuta. Jongoo akainama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndala. Mimi nikaangalia maji ya barafu yanavyotiririka mtaroni.

Nieleze. Siku ile chupa kubwa ilipochukuliwa, sisi watatu tulikubaliana hapahapa: kahawa ya Bi Eufrasia haisifiwi. Ukiisifia atakupa chupa iliyobaki, naye atakula nini? Kwa hiyo tunakunywa, tunarudisha kikombe, tunasema, "Kesho basi." Ilikuwa heshima. Angalau sisi tuliiita heshima.

— Mbona wamenyamaza? — kijana akamgeukia Bi Eufrasia.

— Wazee hawa waungwana, mwanangu. Hawapendi kusema uongo.

Akaikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu.

— Miaka ishirini na nane nawaangalia nyuso zao, — akasema. — Mtu anakunywa, anarudisha kikombe, "Kesho basi." Nikajua wanakuja kwa kuwa benchi liko karibu, na kwa kuwa wananihurumia. Sasa nikasimame jukwaani nikaudanganye mji mzima? Haya. Jibu nimelipata. Narudi nyumbani.

Akachukua chupa yake. Mwanasheria akapayuka:

— Bi Eufrasia, ngoja, tuna utetezi! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji! Sisi tulikuwa tunalinda ubora!

— Ubora wa nini?

Mwanasheria akairudisha miwani usoni.

— Ni nzuri! — nikapiga kelele, mpaka kijana wa tarumbeta akashtuka. — Ni nzuri tangu kikombe cha kwanza. Siku tisa za matanga ya mke wangu, kitu pekee kilichopita kooni mwangu ni kahawa yako. Nilikuwa naisubiri asubuhi nipate sababu ya kuamka. Ndiyo, ni nzuri, na sisi ni wapumbavu.

Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema.

Naye, mkono ulishazoea, akanisukumia chupa kifuani.

— Ichukue, ni yako.

Ilikuwa nyepesi, imebaki kidogo, na ya moto. Nikamrudishia.

— Hapana. Iko mahali pake.

Akanitazama. Akamtazama Mwanasheria, akamtazama Jongoo aliyekuwa bado anahangaika na kamba zisizokuwepo.

— Mlikuwa mnajua wote?

— Wote, mama, — Jongoo akasema akiwa chini hukohuko.

— Na mkanyamaza?

— Tuliogopa utatupa chupa.

— Wazee wazima nyie!

Akafungua chupa, akamimina yote iliyobaki. Kikombe kimoja, hakikujaa. Kijana akanyoosha mkono kukipokea. Bi Eufrasia akakipeleka mdomoni kwake mwenyewe. Akanywa taratibu, amefumba macho, mpaka tone la mwisho.

— Mh! — akasema. — Kumbe.

— Na mimi, mama?

— Imekwisha, mwanangu. Njoo kesho. Twende, unachelewa kupiga.

Wakapanda barabara pamoja, yeye na chupa tupu, kijana na tarumbeta lake. Sisi hatukufuata. Mwanasheria alisema tukionekana tutaitwa kutoa ushahidi. Ukweli ni kwamba tuliona aibu.

Saa nne kipaza sauti cha bustanini kikakohoa. Meya akasoma yote: matanga, mafuriko, tuta. Watu wakapiga makofi muda mrefu. Halafu kukawa kimya, na kimya kikarefuka mpaka Jongoo akavua kofia.

— Anawapa nini? — akanong'ona. — Wembe, anawapa nini huyu?

Ndipo tukaisikia sauti yake, kubwa, imejaa mtaa.

— Ahsanteni. Hii siitoi.

Bendi ikapiga.

— Inaruhusiwa? — Jongoo akauliza.

Mwanasheria akachungulia kikombe chake, akakiinamisha, hakikudondosha kitu.