Verna Lahti na Nati ya Gari Namba Nne

Mkuu wa karakana ya Kaunti ya Tamarack, Dale Trudeau, alithibitisha Jumatatu kwamba Verna Lahti ataweka spana chini Ijumaa, Desemba 5, baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Tarehe ya awali ilikuwa katikati ya Novemba, lakini Trudeau aliisogeza mbele. "Novemba nani angekuja kumuaga? Watu wote wako porini wanawinda kulungu," alisema. "Hata Verna mwenyewe asingetokea."

Lahti aliajiriwa mwaka 1987 kuosha magari ya kusukuma theluji. Baada ya majira mawili ya baridi alikuwa tayari chini ya magari, na huko ndiko alikobaki. Ni magari machache ya kaunti hii ambayo hayajapita mikononi mwake.

Sifa yake kubwa ni nati zilizogoma. Barabara zetu humwagiwa chumvi kuanzia Novemba hadi Aprili, na chumvi haichagui chuma. Shokomzoba ambayo kwingine hubadilishwa kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine, hapa inaweza kula siku nzima, kwa sababu nati na bolti zimeshikana kwa kutu kama mtu na ndugu yake. Kazi ya Lahti ilikuwa kuzitenganisha bila kuvunja kilichozizunguka.

Ndiye aliyeanzisha desturi ya mafuta ya Ijumaa. Gari lolote litakaloingia kufanyiwa kazi Jumatatu, nati zake husuguliwa kwa brashi ya waya na kulowekwa mafuta ya kulainisha kutu Ijumaa alasiri, kabla mtu hajavaa koti la kwenda nyumbani. Pia hutumia mishumaa. Nati ikishapata moto, huigusisha kipande cha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi za bolti. Vipande hivyo alivipata kwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, ambaye kwa miaka mingi aliamini kwamba karakana yetu ni mahali pa sala.

Lazima isemwe pia kwamba Lahti huazima spana na kuzisahau. Wiki iliyopita alisafisha droo yake, na wenzake kadhaa walikutana upya na vyombo walivyokwisha kuvililia. Redio yake imebaki kwenye stesheni ileile ya muziki wa polka. Aliyejaribu kuibadilisha alihamia idara ya misitu, ingawa anasisitiza kwamba sababu haikuwa hiyo.

Siku inayosimuliwa zaidi ni Jumamosi moja ya Februari mwaka huu. Harlan Beaudry, mkazi wa Kaunti ya Tamarack anayetumia kiti kizito cha magurudumu cha umeme, husafishwa damu mara tatu kwa wiki katika kliniki iliyo mwendo wa saa moja. Alhamisi dhoruba ya theluji ilifunga barabara, akakosa zamu yake. Muuguzi alipiga simu kwamba ya Jumamosi haikoseki, na kwamba wangemsubiri hadi saa tisa alasiri. Asubuhi hiyo gari namba nne, lenye lifti ya kiti chake, liligonga shimo mbele ya nyumba yake. Mkono wa chini wa gurudumu la kulia ukapinda. Gari la pili la lifti lilikuwa mwisho mwingine wa kaunti, na ambulansi ilikuwa kwenye ajali. Namba nne likavutwa hadi karakana, na Beaudry akaja nalo.

Mkono mpya ulikuwepo stoo. Tatizo lilikuwa bolti moja na nati yake, zinazoubana mkono huo kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Chuma hicho kina masikio mawili ya kubania, na sikio likivunjika gari haliendi. Kingine kisingefika kabla ya Jumatano.

Zamu ilikuwa ya Curtis DeRosier, aliyetujia kutoka mgodi wa chuma, ambako nati ni kubwa kama sahani na jibu la kila nati ni nguvu. Katika wiki zake za kwanza hapa alivunja bolti nyingi kiasi kwamba Lahti alizitunga kwenye uzi na kumtundikia mkufu juu ya ndoano ya koti lake. Jumamosi hiyo alichukua mashine ya upepo ya kufungulia nati, akaiweka kwenye nati, kisha akaiondoa bila kuiwasha. Akampigia Lahti simu nyumbani. Ni ng'ambo ya barabara tu.

Lahti alifika na viatu vya nyumbani. Aliishika spana ndefu na kuisukuma kidogo upande wa kukaza.

"Mama Verna, huko ni kukaza," alisema DeRosier. "Kufungua ni upande wa pili."

"Najua. Naiamsha kwanza."

"Iamshe haraka basi," alisema Beaudry akiwa na kahawa yake. "Mimi naruhusiwa kikombe kimoja tu, na hiki kinaisha."

Nati haikuamka. Ilihitaji moto, na mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Aliyeumaliza ni Lahti mwenyewe, siku ya Jumatano, akimchomelea shemeji yake Eugene stendi ya kukaushia samaki. Hakujitetea. Alitazama dirishani, akaona moshi ukitoka kwenye sauna yake, kibanda cha kuogea jasho chenye jiko la mawe. Ilikuwa Jumamosi, siku ya sauna, na mumewe Leonard alikuwa ameiwasha tangu kifungua kinywa.

"Fungua vyote vinavyofunguka," alimwambia DeRosier. "Kinachogoma tunakwenda nacho."

Chuma cha gurudumu na mkono uliopinda vilitolewa vikiwa vimeshikana, vikafungwa kwenye sleji ya kubebea kuni juu ya theluji na kuvutwa kuvuka barabara. Ndani ya sauna alikuwemo Eugene, amevaa taulo, ametoka kuvua samaki kwenye barafu.

"Nini hicho?" aliuliza Eugene.

"Mgeni. Shuka umpishe."

"Verna, ndiyo kwanza nimeingia!"

"Stendi yako ndiyo iliyokula gesi, shemeji. Na hilo taulo nalihitaji."

Taulo, baada ya kuloweshwa, lilizungushwa kwenye beringi ili grisi yake isiyeyuke. Sikio lenye nati lililazwa juu ya mawe ya jiko. Lahti alikaa benchi ya juu na kofia yake ya sufi, akisubiri. DeRosier, ndani ya ovaroli nzito, alimwuliza mara kadhaa kama bado, na kila mara alijibiwa kwamba mgodini hawakumfundisha kukaa. Hatimaye Lahti aligusisha mshumaa, nta ikaingia. Akampa DeRosier spana.

"Kaza kwanza. Unywele mmoja tu."

DeRosier alikaza unywele mmoja, kisha akarudisha. Nati ililia kama mlango wa ghala, ikazunguka. Bolti ikafuata kwa nyundo ndogo. Sikio lilikuwa zima.

Mkono mpya ulifungwa, na Beaudry alifika kliniki kabla ya saa tisa. Kwa maelezo ya Leonard, sauna ilinuka grisi hadi Pasaka, na Eugene bado anadai taulo jipya.

Tangu siku hiyo hakuna anayemkumbusha DeRosier mafuta ya Ijumaa. Mkufu wa bolti bado uko juu ya ndoano yake, ila haujaongezeka tangu Aprili. Yeye ndiye atakayeshika nafasi ya Lahti.

Verna, kwa magari yaliyorudi barabarani na watu waliofika walikokuwa wakienda, wafanyakazi wa kaunti wanakushukuru. Tunakuombea afya njema, barafu nene ya kuvulia samaki na jirani asiyekugongea Jumamosi. Spana zilizobaki kwako, kaa nazo.

Chakula cha kumuaga kitakuwa saa sita mchana Ijumaa hiyo, ndani ya karakana: pasti, yaani mikate iliyojazwa nyama na viazi, mkate wa iliki na kahawa. Baada ya hapo Lahti ana kazi moja. Upande wa kushoto wa gari namba nne una bolti ya umri uleule, haijawahi kuguswa, na Trudeau amepanga ibadilishwe Jumatatu, Desemba 8. Lahti ataisugua na kuiloweka mafuta kabla ya kuvaa koti. Jumatatu ataifungua DeRosier. Beaudry ameandikishwa kusafiri na gari hilo Jumanne, Desemba 9, saa mbili asubuhi.